Mwanabendi wa Tano: Hotuba Kuhusu Queen na Watu Waliosimama Mbele Yao

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa wapenzi wa muziki wa rock. Wengi walioshindwa kufika wameomba wayapate, nami nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, wapenzi wenzangu wa muziki, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie tamasha lisilosahaulika la bendi niipendayo. Bendi ni Queen. Mnaonifahamu mlilijua hilo kabla sijafungua mdomo. Lakini naomba ruhusa yenu nisianze na jukwaa. Nataka tulipe jukwaa kisogo, tutazame upande wa pili, tuwatazame watu. Wale waliopanga foleni tangu mchana, waliobanana bega kwa bega, waliokaukwa na koo. Nina neno moja tu leo, na nitalirudia mpaka mlichoke: Queen ni bendi ya watu watano. Wanne mnawajua kwa majina. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akiimba na kupiga piano. Brian May kwenye gitaa. Roger Taylor kwenye dramu. John Deacon kwenye besi. Wa tano ni nani? Wa tano ni yule aliyelipa kiingilio. Wa tano ni wewe.

Mnadhani natia chumvi? Basi twendeni Stafford.

Stafford ni mji wa Uingereza, na mwezi Mei 1977 Queen walipiga pale katika ukumbi wa Bingley Hall. Walimaliza, wakaaga, wakashuka jukwaani. Hapo kwa kawaida hadhira hupiga miluzi, hugonga viti, hudai bendi irudi. Watu wa Stafford walianza kuimba. Waliimba You'll Never Walk Alone, wimbo ambao mashabiki wa mpira wa nchi ile wanaujua vizuri kutoka viwanjani, na wakauimba ukumbi mzima kwa sauti moja, wakiwaimbia wanamuziki waliokuwa wamekwisha kuingia ndani. Hebu jiwekeni mahali pao. Umeimba usiku mzima, jasho halijakauka, umekaa kupumzika, mara unasikia sasa unaimbiwa wewe.

Brian May amelisimulia jambo hili mara nyingi. Alilala nalo kichwani na akaamka nalo. Alijiuliza: watu waliobanana namna ile, wasio na ala yoyote mkononi, wasio na hata nafasi ya kujigeuza, wanaweza kufanya nini? Wanaweza kukanyaga. Wanaweza kupiga makofi. Wanaweza kuimba. Kutokana na majibu hayo ukazaliwa We Will Rock You, uliotoka mwaka huohuo katika albamu ya News of the World.

Mguu, mguu, kofi. Mguu, mguu, kofi.

Sasa usikilizeni tena wimbo huu mnaoujua tangu utotoni. Mule ndani hamna dramu. Bendi yenye mmoja wa wapiga dramu wakali kuliko wote duniani imetoa wimbo maarufu kuliko nyingi zake, na Roger Taylor hakuwekewa dramu. Hamna besi. Gitaa lenyewe linangoja mpaka mwisho ndipo linaingia. Walirekodi katika studio za Wessex, London, jengo lililokuwa kanisa zamani, na wakakuta mbao kuukuu zimelala huku na huko. Wakazikanyaga. Wakarekodi, wakakanyaga tena, wakarekodi tena. Kisha May, ambaye alisomea fizikia kabla ya kuwa maarufu, akaziachanisha zile nakala kwa vipindi alivyovipanga kwa namba tasa, ili zisigongane zikasikika kama mwangwi wa watu wachache. Alitaka msikilizaji ajione yuko katikati ya umati. Nakuta uzuri mkubwa katika hesabu ile: mtu amekaa na karatasi akitafuta namna ya kuwatia ndani ya wimbo watu ambao bado hawajafika.

Na Freddie katika kipindi hichohicho aliandika We Are the Champions, naye akikusudia wimbo ambao uwanja mzima utaubeba. Nyimbo mbili, watunzi wawili, shabaha moja.

Nauliza basi. Mtunzi anapoacha wazi nafasi ya dramu kwa makusudi, ameiacha kwa ajili ya nani?

Ameiacha kwa ajili ya wa tano.

Sasa nije kwenye tamasha langu, kwa kuwa najua ndilo mlilolifuata. Ila kwanza nivuke bahari kidogo niende Amerika ya Kusini, maana bila kwenda huko usiku wangu hautaeleweka.

Mwaka 1975, katika albamu ya A Night at the Opera, Freddie alitoa wimbo wa taratibu uitwao Love of My Life. Kwenye albamu una piano, una kinubi alichokipiga May mwenyewe, una sauti nyingi zilizotandikwa moja juu ya nyingine. Jukwaani walivua vyote hivyo. Wakabaki wawili, Freddie na sauti yake, May na gitaa la nyuzi kumi na mbili. Mwaka 1981 wakaenda Argentina na Brazili. Pale São Paulo, katika uwanja wa Morumbi, walijaa zaidi ya watu laki moja kwa usiku mmoja. Freddie akaanza Love of My Life, na watu wale, ambao lugha yao si Kiingereza, wakaupokea. Neno kwa neno. Mwaka 1985 katika tamasha la Rock in Rio ikawa hivyo tena.

Na Freddie alifanya nini? Alinyamaza.

Naomba mlitazame vizuri jambo hilo. Huyu ndiye mwimbaji ambaye wengi wetu tunamwona hana mpinzani katika rock, amesimama mbele ya umati ambao wengine wangetoa chochote kuupata, na anachagua kunyamaza. Anawaongoza kwa mkono. Anasikiliza. Waimbaji wengi wanajua kuimba. Wanaojua kunyamaza mahali panapostahili ni wachache mno.

Sasa twende London, mwaka 2022, ukumbi wa O2.

Tiketi ile niliinunua mwaka 2019. Ziara iitwayo Rhapsody ilikuwa ifike Uingereza mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ukaja, ziara ikaahirishwa. Ukaja mwaka mwingine, ikaahirishwa tena. Tiketi ikakaa kwenye droo. Katika miaka hiyo kila mmoja wetu aliyapitia yake, na wapo miongoni mwetu hapa waliozika. Kwa hiyo lango la O2 lilipofunguliwa, hatukuwa tukiingia kuona onyesho tu. Watu walikuwa wakikumbatiana na wasiowajua. Ukumbi ule huchukua watu wapatao 20,000, na kwa muda mrefu tulikuwa tumeambiwa kwamba watu 20,000 pamoja ni hatari. Kuketi pale, kusikia pumzi za jirani, tayari kulikuwa na maana kabla dramu haijalia.

Bendi yenyewe ilikuwa May na Taylor, mmoja akiwa na miaka 74, mwingine 72, na Adam Lambert mwimbaji. John Deacon alistaafu muziki mwaka 1997 na anaishi maisha yake ya faragha, nami namheshimu kwa hilo. Kuhusu Lambert najua mna maoni, nimewasikia mkinong'ona. Nitasema langu waziwazi: anafanya kazi ngumu kwa adabu kubwa. Tangu mwanzo amekuwa akiwaambia watu jukwaani kwamba Freddie ni mmoja tu na hatatokea mwingine. Haigizi. Anaimba kwa sauti yake, ambayo ni sauti kubwa, anavaa anavyotaka yeye, na inapofika zamu ya wengine anawapisha.

Kulikuwa na mengi usiku ule. Kulikuwa na May ameinuliwa juu kwenye kitu kama jiwe la angani, sayari zimemzunguka, anapiga gitaa peke yake. Kwa mtu mwingine ningeliita pambo la jukwaa tu. Kwa May lina haki yake: huyu ni mwanafizikia wa anga kweli, aliyekamilisha shahada yake ya uzamivu mwaka 2007 baada ya kuiacha zaidi ya miaka thelathini kwa sababu ya bendi, na utafiti wake ulihusu vumbi lililotanda kati ya sayari. Gitaa alilolishika alilitengeneza yeye na baba yake walipokuwa hawana pesa ya kununua, shingo yake ikachongwa kutoka mbao ya fremu ya meko ya zamani. Analipiga kwa sarafu, sio kwa kipande cha plastiki. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote miaka mingi. Kuyasoma na kusikia sauti yake ikikugonga kifuani ni mambo mawili tofauti.

Lakini wakati ninaotaka kuwaeleza ni mwingine.

Jukwaa lilikuwa na ulimi mrefu ulioingia katikati ya watu. May alitoka akatembea peke yake mpaka mwisho wa ule ulimi, akaketi na gitaa la kawaida, akatuomba tumsaidie kuimba. Mimi nilikuwa juu, mbali, mahali ambapo mtu wa jukwaani ni mdogo kama kidole. Akaanza Love of My Life. Simu zikawashwa taa, ukumbi ukajaa nukta nyeupe. Kushoto kwangu palikuwa na mama wa makamo ambaye tangu tuingie hatukusemezana. Kulia kijana ambaye kwa umri wake Freddie alifariki kabla hajazaliwa. Tukaimba. Wote watatu, kisha safu yetu, kisha ukumbi. May naye aliimba kwa sauti ya chini, ya mzee, isiyotaka kushindana na mtu.

Beti la mwisho likafika. Kwenye skrini akatokea Freddie.

Ni picha za zamani, najua. Ni fundi ameziweka kwa wakati wake, najua. Najua na mliosoma habari za ziara hiyo mlikuwa mkijua. Nami nilijua kabla sijaingia mlangoni! Haikusaidia kitu. Freddie aliimba beti lile, May akampigia gitaa kama zamani, kisha akageuka kumtazama. Yule mama alinishika mkono. Kijana wa kulia alikuwa akilia bila kujificha, nami pia.

Baadaye nikajiuliza, kilichotufanya tulie machozi ni nini hasa? Skrini? Skrini tunazo nyumbani. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Kwa miaka zaidi ya thelathini mwenye sauti hayupo, na hata hivyo May alipoketi na gitaa, wimbo ulikuwepo tayari, mzima, haujapungua neno. Nani aliutunza? Nani aliurithisha kwa kijana yule? Morumbi waliutunza, Rio waliutunza, akina mama walioupiga jikoni huku watoto wakisikia waliutunza. Kilichoniliza ni kwamba nilisikia kwa masikio yangu bendi ya watu watano ambayo imempoteza mmoja, mmoja amestaafu, wawili wamezeeka, na wa tano bado yuko na sauti yake.

Ndugu zangu, nimewasifu wa tano kwa muda mrefu. Sasa nizungumze na wanaopanda jukwaani, maana najua humu mna vijana wenye bendi zao.

Hadhira haiji bure. Nawe lazima uiendee. Tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, London, tamasha la Live Aid, lililoandaliwa na wanamuziki Bob Geldof na Midge Ure kuchangia walioshikwa na njaa Ethiopia. Watu wapatao 72,000 uwanjani, na upande wa pili wa bahari tamasha pacha likiendelea Philadelphia. Kila bendi ilipewa muda mfupi. Wakubwa wengi walikuja kama walivyo. Queen waliingia ukumbi wa Shaw Theatre siku za nyuma wakafanya mazoezi, wakipima kipindi chao kwa saa, wakipunguza nyimbo, wakiunganisha, mpaka zote sita zikaingia katika dakika kama 21. Bohemian Rhapsody walichukua kipande tu. Waliingia jukwaani saa kumi na mbili na dakika 41 jioni, jua la Julai bado linawaka, kwa hiyo taa zao maarufu hazikuwa na kazi. Moshi hakuna. Mapambo hakuna. Na umati ule haukuwa wa kwao. Tiketi ziliuzwa watu wakija kwa ajili ya tamasha zima.

Wimbo wa pili ukawa Radio Ga Ga, aliouandika Roger Taylor. Kwenye video yake ya mwaka 1984 umati unanyoosha mikono juu na kupiga makofi mawili kwa pamoja. Hakuna aliyewafundisha watu wa Wembley mchana ule. Kiitikio kilipofika, mikono 144,000 ikapanda.

Tazameni ile video mkifika nyumbani, na tazameni jambo moja: makofi hayapigwi pale pale kwa mara moja uwanja mzima, yanakwenda kama wimbi. Sauti hutembea hewani kama mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 100 nyuma anasikia karibu theluthi moja ya sekunde baada ya aliye mbele, na ndiyo sababu mafundi huzichelewesha kwa hesabu spika za nyuma ya uwanja. Kwa hiyo kila mtu alikuwa akipiga kofi lake sawasawa kabisa na alichokisikia, na bado uwanja ukaonekana unapumua. Mimi huirudia sehemu hiyo kila nikiwa na huzuni.

Kisha Freddie akaweka ala zote kando akawaimbia sauti tupu, nao wakaijibu. Akapandisha, wakapandisha. Akaizungusha, wakaizungusha. Mnaona sasa kazi ya yale mazoezi? Alijua kila sekunde yake iko wapi, kwa hiyo alikuwa na sekunde za kuwapa wao.

Mwaka uliofuata, tarehe 27 Julai 1986, walipiga Budapest, Hungaria, wakati ambapo bendi kubwa za Magharibi zilikuwa nadra kufika upande ule wa Ulaya. Freddie alijifunza wimbo wa kienyeji wa Wahungaria, Tavaszi szél vizet áraszt. Lugha ni ngumu, akaandika maneno kwenye kiganja cha mkono. Picha zipo: anaimba, anachungulia kiganja, anaimba. Uwanja ukalipuka. Vijana wenye bendi, nawauliza: mara ya mwisho mlipokwenda kupiga mahali pageni, mliandika nini kiganjani?

Nitapita haraka kwenye jambo linalofuata, ingawa ni zito.

Chombo chochote chenye nguvu kinaweza kuharibu. Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Waliwekewa vikuza sauti vya wati 100 vilivyotengenezwa kwa ajili yao, na sauti za uimbaji zikapitia vipaza vya uwanja, vile vya kutangazia mechi. Mayowe yalizizima zote. Wanamuziki hawakujisikia wenyewe. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, wakapiga tamasha lao la mwisho la kiingilio huko San Francisco na kuacha ziara moja kwa moja. Siwalaumu wale wasichana na wavulana. Walikuwa na mapenzi na hawakuwa na pa kuyaweka. Ila hadhira ile haikuwahi kusikia bendi, na bendi haikuwahi kuisikia hadhira. Walikuwa uwanja mmoja na hawakukutana.

Na kuna tamasha la Roskilde. Denmark, tarehe 30 Juni 2000, bendi ya Pearl Jam wakiwa jukwaani, mvua, ardhi inateleza, umati ukasukuma kuelekea mbele na watu wakaanguka chini ya miguu ya wenzao. Mwimbaji wao, Eddie Vedder, alisimamisha muziki akawasihi watu warudi nyuma hatua tatu. Vijana tisa walipoteza maisha. Bendi ilibaki na jeraha hilo, na waandaaji wakabadilisha kabisa namna watu wanavyosimama mbele ya jukwaa, wakaligawa eneo kwa vizuizi na kuweka kikomo cha idadi. Nalisema hili kwa sababu najua humu wapo wanaojivunia kupenya mpaka mstari wa mbele. Nakuombeni. Aliyeanguka karibu yako, muinue. Aliyekosa hewa, muinulie mkono walinzi wamwone. Ukisikia msukumo unatoka nyuma, usiuongeze. Bendi ya watu watano haiwezi kupiga huku wa tano akijikanyaga.

Basi mtaniuliza, tukienda tamashani tufanye nini?

Jifunzeni nyimbo kabla. Zote, hata zile ambazo hazikuvuma. Mwanamuziki akisikia umati ukimwimbia wimbo aliodhani umesahaulika, usiku hubadilika. Fikeni mapema mkaisikilize bendi ya kufungua, kwa adabu, maana nayo siku moja itahitaji wa tano wake. Wekeni vizibo masikioni. Usinicheke, kijana wa safu ya tatu! Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba wastani wa sauti kwenye kumbi usizidi desibeli 100, na kwa kiwango hicho robo saa tu inatosha kuwa kikomo cha sikio lisilo na kinga. Vizibo vizuri havikunyimi muziki. Brian May mwenyewe anaishi na mlio masikioni.

Na simu. Sitawakataza simu, nimewaambia jinsi taa zake zilivyokuwa O2, na ule usiku ungepungukiwa bila hizo. Piga picha yako. Ila ukirekodi wimbo mzima, kumbuka kwamba mikono iliyoshika simu haiwezi kupiga makofi ya Radio Ga Ga. Nafasi ile imeandikwa kwa ajili yako. Usipoijaza, haijazwi na mtu mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kofi halipigwi kwa kiganja kimoja.

Jambo la mwisho, halafu nawaachia. Mnajua Bohemian Rhapsody ina sehemu ya katikati ya opera, sauti juu ya sauti juu ya sauti. Walizirekodi wao watatu, May, Mercury na Taylor, mara nyingi mno hata watu wanne jukwaani wasingeweza kuzitoa. Walifanyaje basi kwenye matamasha? Hawakujaribu kudanganya. Waliondoka. Kanda ikapigwa, taa zikacheza, jukwaa likabaki tupu, kisha wakarudi kwa kishindo sehemu ya rock inapoanza. Hata mwaka 2022 ilikuwa hivyo. Jukwaa tupu, watu 20,000, na nawahakikishia hapakuwa na aliyeketi kimya akingoja bendi irudi. Mama wa kushoto aliimba sauti ya juu kabisa. Kijana wa kulia akachukua ya kati. Mimi nikapewa ya chini, na niliishika mpaka mwisho.

Nimemaliza langu. Humu najua mna matamasha ambayo sijawahi kuyasikia yakisimuliwa, ya bendi nyingine na miji mingine. Yule dada aliyeinua mkono tangu nilipotaja Roskilde, njoo. Maikrofoni hii hapa.